Opsheni iitweje? Kulinganisha majina ya Git, Mercurial na Subversion kabla hujachagua yako

Unapoandika programu ndogo ya kutunza matoleo ya mafaili, au unapoandaa skripti ambazo wenzako watazitumia juu ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili), kuna uamuzi unaofanywa haraka sana na kuishi muda mrefu sana: opsheni hii, yaani neno lenye vistari kama `--hard` linalobadilisha kazi ya amri, iitweje? Msimbo wa ndani unaweza kuuandika upya wikendi moja na hakuna atakayejua. Jina la opsheni likishaingia kwenye skripti za watu, kwenye madaftari ya wanafunzi na kwenye vidole vya waliozoea, kulitoa ni kazi ya miaka.

Naandika nikiwa Dodoma, na hilo lina uzito katika jambo hili. Wizara ziko Mtumba, mifumo mingi inatunzwa hapa mjini, na vijana wa CIVE (ndaki ya TEHAMA) pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na wa vyuo vingine wanaingia fildi kwenye ofisi ambazo kitu cha kwanza wanachokabidhiwa ni terminali yenye Git. Kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu: nyumbani Kigogo au Kirangi, mtaani na shule ya msingi Kiswahili, Kiingereza kikaja kukolea sekondari. Kijana huyu akikutana na `--hard` au `--cached` hana mazoea ya kumsaidia kukisia. Analo neno lenyewe tu, na anafanya kile anachodhani neno linamwambia.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Jina limwambie mtumiaji faili lake litapatwa na nini, hasa kama kuna kitu kitapotea. Jina linaloeleza jinsi programu ilivyoundwa kwa ndani linamsaidia aliyeiunda, na huyo hahitaji msaada. Nitazipitisha programu tatu kwenye kipimo hicho: Git na Mercurial, ambazo zote mbili zilianza Aprili 2005, na Subversion iliyozitangulia, toleo lake la 1.0 likiwa la mwaka 2004. Zinafanya kazi zinazokaribiana, kwa hiyo tunaweza kuiona kazi ileile ikipewa majina tofauti na kuamua lipi la kuiga.

## Faili litoke kwenye repo, libaki kwangu

Tuseme `mipangilio.ini`, lenye nywila ya hifadhidata, limeingizwa kwenye repo (hazina ya mradi pamoja na historia yake) pamoja na msimbo. Hutaki programu iendelee kulifuatilia, lakini hutaki lifutike kwenye kompyuta yako kwa sababu mfumo unalisoma kila unapowaka. Programu tatu zinakujibu hivi:

```
git rm --cached mipangilio.ini
svn delete --keep-local mipangilio.ini
hg forget mipangilio.ini
```

(Kabla hatujaendelea: hakuna hata moja kati ya amri hizi inayoiondoa nywila kwenye historia. Kama imeshakomitiwa, yaani kuwekwa kwenye historia, na kupandishwa kwenye seva, badilisha nywila yenyewe, leo.)

Usome mstari wa kwanza kwa macho ya mtu wa wiki ya kwanza. Anajua `rm` ni kufuta. Halafu anaona `--cached`. Inafuta kilichomo kwenye kashe? Kashe ipi, ile ya kivinjari? Au inalifuta faili kwa sababu limo kwenye kashe? Swali lake la pekee ni kama faili litabaki au halitabaki, na hilo halijajibiwa popote kwenye mstari. Jibu ni kwamba litabaki. Ila ili alifikie jibu hilo lazima kwanza ajue kwamba Git ina eneo la maandalizi kati ya folda yake na komiti, kwamba eneo hilo zamani liliitwa kashe, na kwamba `--cached` inaiambia amri ifanye kazi kwenye eneo hilo peke yake bila kuigusa folda. Anatakiwa kujua mambo matatu ya ndani ya Git ndipo apate jibu la ndiyo au hapana.

Na eneo hilohilo lina majina mengine. Ukitaka kuona kilichoandaliwa, `git diff --cached` na `git diff --staged` ni kitu kimoja. Ukitaka kukitoa kwenye maandalizi, unaandika `git restore --staged`. Mwanafunzi makini anajumlisha mwenyewe: kumbe siku hizi ni `--staged`, basi na mimi niandike `git rm --staged`. Git inakataa, opsheni hiyo haipo. Akienda kwenye `git apply` anakuta `--cached` na `--index` zimekaa jirani, zote zinahusu eneo lilelile, ila ya kwanza inaligusa lenyewe tu na ya pili inaligusa pamoja na folda. Ukurasa wa `git help cli` una maelezo ya kutofautisha jozi hiyo, na ni maelezo mazuri. Lakini jozi ya maneno isiyoweza kusimama bila ukurasa wa maelezo haikufaa kuchaguliwa tangu mwanzo.

`--keep-local` iliingia Subversion 1.5 mwaka 2008, nayo inajibu swali alilo nalo mtumiaji: kinachobaki ni nini na kinabaki wapi. Tena inasema kweli kwa undani ambao wengi huupita. Faili linabaki kwako wewe. Wenzako wakivuta mabadiliko hayo, litaondoka kwenye folda zao, na hali ni hiyo kwenye programu zote tatu. Anayesoma `--keep-local` anapata walau dokezo hilo. Kwenye `--cached` hakuna dokezo lolote, na ndiyo maana unasikia mtu akilalamika kwamba Git imemfutia mipangilio, wakati aliyetoa amri ni mwenzake wa meza ya pili.

`hg forget` imekwenda njia nyingine: badala ya opsheni, imepewa amri yake kamili. Ni fupi, inashikika, na haina cha kusahau. Fikiria ukisahau `--cached` kwenye `git rm`: kama faili halina mabadiliko mapya, linafutwa kwenye folda papo hapo. Mpaka kati ya kufuta na kutofuta haupaswi kutegemea opsheni ambayo mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni anaweza kuiacha. Upungufu wa `forget` ni kwamba neno lenyewe halisemi kama faili linabaki kwenye diski. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: ukiwa na nafasi ya kuongeza amri mpya, fuata njia ya Mercurial, halafu uipe amri hiyo jina linalotaja kubaki kwa faili. Ukiwa huna nafasi hiyo, fuata `--keep-local`. `--cached` usiiige.

## Opsheni zinazotupa kazi ya mtu

Hapa ndipo jina baya linapogharimu. Mtu anataka kutupa mabadiliko yote ambayo hajayakomiti:

```
git reset --hard
hg update --clean
git switch --discard-changes main
```

Ya tatu inahamia tawi jingine (mkondo mwingine wa kazi ndani ya repo) kwa wakati mmoja, lakini kwa mabadiliko yako ambayo hujayakomiti mwisho ni uleule: yameondoka.

`--hard` ni ya tatu katika ngazi ya `--soft`, `--mixed` na `--hard`. Kwa anayejua kwamba Git ina tabaka tatu (komiti, maandalizi, folda), ngazi hiyo ina mantiki. Kwa asiyejua, maneno hayo yanaeleza kiasi cha nguvu na hayasemi kitakachoguswa. `--clean` naiona mbaya zaidi. Linapendeza mno. Nani hataki folda safi? Neno zuri limefunika tendo la kutupa kazi, na mtu hana sababu ya kusita kabla ya kubonyeza Enta. `--hard` walau inatisha kidogo.

`--discard-changes` inasema moja kwa moja: tupa mabadiliko. Historia yake inafaa kujulikana. Kwa miaka mingi `git checkout` ilibeba kazi mbili zisizofanana, kuhama tawi na kurejesha faili, kiasi kwamba kosa dogo la kuandika lingeweza kukufutia kazi ulipodhani unahama tu. Agosti 2019, kwenye toleo la 2.23, Git ikaleta `switch` na `restore` ili kuzitenganisha. Ndani ya `switch` ipo `--force` pia, lakini mwongozo unaieleza kuwa ni jina jingine la `--discard-changes`. Maana yake, waundaji wa Git wenyewe walipopata nafasi ya kuanza upya walilifanya jina linalotaja kinachopotea kuwa ndilo jina lenyewe, na lile la nguvu likabaki njia ya mkato. Kama unachukua mfano mmoja tu kutoka Git, chukua huo.

Mercurial nayo ina zuri lake hapa. `hg revert` huacha nakala ya faili lako la zamani lenye mwisho wa `.orig`, na opsheni ya kuizuia inaitwa `--no-backup`. Anayeiandika anaona kwa macho yake ni kinga gani anayoivua.

Sasa `--force` yenyewe. Shida yake ni kwamba haisemi inalazimisha nini. Kwenye `git add` inaingiza faili ambalo `.gitignore` (orodha ya mafaili ya kupuuzwa) ililipuuza, jambo dogo. Kwenye `git clean` ni ruhusa ambayo kwa kawaida bila hiyo amri haifanyi kazi. Kwenye `git push` inaweza kuziondoa komiti za wenzako kwenye tawi la seva. Ni neno moja lenye hatari za viwango tofauti kabisa, na mkono ukishazoea kuandika `-f` ili kupita vikwazo vidogo utaiandika na pale pasipo padogo.

Git ililiona tatizo la `push` na kuongeza `--force-with-lease` kwenye 1.8.5, Novemba 2013: pandisha kwa nguvu iwapo tu tawi la seva bado liko pale nilipoliona mara ya mwisho. Wazo ni zuri na mimi naitumia. Jina halinisaidii kulifundisha. `lease` ni mkataba wa kupanga: unahusu nini hapa, nani amepanga kwa nani? Tena kinga hiyo ina tundu: kihariri chako kikiwa kinavuta taarifa za seva chenyewe kwa nyuma, Git itadhani umeshaziona komiti za mwenzako hata kama hujawahi kuzifungua. Ndipo 2.30, Desemba 2020, ikaleta `--force-if-includes`, inayohakikisha kwamba ulichokivuta kimeingia kweli kwenye kazi yako. Jina lake linaanza kama `--force`, mtu anaweza kuamini kwamba linajitosheleza. Halijitoshelezi. Bila `--force-with-lease` pembeni yake halifanyi chochote.

Tazama matokeo: iliyo hatari kuliko zote inaandikwa kwa herufi moja, `-f`, na iliyo salama kuliko zote inahitaji opsheni mbili ndefu. Kwenye programu yako geuza mpangilio huo. Tabia salama iwe ndiyo ya kawaida, bila opsheni. Inayofuta kazi ya wengine ipewe jina refu linalosema hivyo, kwa mfano `--overwrite-remote`, na isipewe herufi ya mkato kabisa. Anayeihitaji kweli haoni tabu kuiandika.

## Herufi moja

Kwenye ofisi moja hapa mjini kijana wa fildi alifundishwa jambo sahihi: kabla ya `git add`, jaribu kwa `-n` uone kitakachoingia, kabla ya `git clean`, jaribu kwa `-n` uone kitakachofutwa. Kwenye amri hizo `-n` ni kifupi cha `--dry-run`, yaani onyesha tu, usifanye. Siku moja akataka kuonja komiti kabla ya kuiweka. Akaandika:

```
git commit -n -m "Marekebisho ya fomu ya likizo"
```

Komiti ikaingia. "Dada, mbona imeingia? Nimeweka ile ya kujaribu." Msimamizi wake akavuta kiti, akamwambia aandike `git commit -h`, wakashuka pamoja kwa kidole mpaka kwenye mstari wa `-n`. Pale ni `--no-verify`. Yaani si kwamba komiti imeingia tu. Hata skripti ya ukaguzi ambayo ofisi iliiweka ili kuzuia nywila zisiingie kwenye repo imerukwa. Kijana alikuwa anaongeza tahadhari, herufi ikaipunguza. Kwa kuwa ilikuwa bado haijapandishwa, wakaifungua kwa `git reset --soft HEAD~1`, wakakomiti upya, ukaguzi ukapita.

Hakukosea yeye. Tazama herufi hiyo moja ndani ya programu moja:

```
git add -n       onyesha tu, usifanye
git push -n      onyesha tu, usifanye
git commit -n    ruka skripti za ukaguzi
git merge -n     usitoe muhtasari wa takwimu mwishoni
git revert -n    badilisha mafaili, usikomiti
git clone -n     leta repo, usitoe mafaili kwenye folda
git fetch -n     usilete tagi
git log -n 5     onyesha komiti 5
git grep -n      onyesha namba za mistari
```

Ni sawa na daladala zote zimeandikwa Nkuhungu, lakini moja inakwenda Nzuguni na nyingine inaishia Jamatini. Abiria aliyesoma kibao hana kosa.

Mercurial imejitahidi zaidi: `-n` ni jaribio kwenye `hg add`, `hg revert` na `hg rename`. Haikufika mwisho, maana `hg status -n` inaficha alama za hali ya mafaili. Lakini Mercurial hiyohiyo ina jozi inayonisumbua kuliko `-n` ya Git. Kwenye `hg update`, `-c` ndogo ni `--check`: kataa kuhama kama kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. `-C` kubwa ni `--clean`: yatupe uhame. Kinga na uharibifu vimetenganishwa na kitufe cha Shift. Git ina ndugu yake, `git clean -x` na `-X`, ambapo ndogo inafuta pia mafaili yaliyopuuzwa na kubwa inafuta hayo peke yake. Herufi kubwa naikubali pale inapomaanisha tendo lilelile bila kizuizi, kama `git branch -d` inayokataa kufuta tawi ambalo halijaunganishwa na `-D` inayolifuta tu. Ikimaanisha jambo jingine, hapana.

Kwa hiyo kati ya kifupi na kirefu, nachagua hivi. Opsheni ya kila siku isiyo na madhara ipewe vyote viwili. Herufi ikishapewa maana kwenye amri moja, ishikiliwe hivyo kwenye programu nzima, hata kama amri nyingine haiitumii. Kwenye skripti na miongozo ya timu andika jina refu tu. Anayesoma `git commit --no-verify` kwenye skripti ya mwenzake anashtuka inavyostahili, anayesoma `-n` anapita.

Hoja kwamba majina marefu yanachosha vidole haina nguvu tena. Kitufe cha Tab kinakamilisha, na Git inakubali mwanzo wa jina ilimradi usifanane na jingine, kwa mfano `git switch --disc`. Mwongozo wake unatahadharisha kuhusu kutumia vifupisho hivyo kwenye skripti, kwani toleo la kesho linaweza kuleta opsheni yenye mwanzo uleule. Ukiandika programu yako kwa Python na `argparse`, ujue kwamba tabia hiyo imewashwa bila wewe kuomba. Tangu Python 3.5 unaweza kuizima kwa `allow_abbrev=False`, na kwa programu inayofuta vitu mimi naizima.

## Langu na lake kwenye mgongano

Mgongano hutokea pale watu wawili wamebadilisha sehemu ileile ya faili. Hapa sichukui muda kuamua: Subversion imeshinda. Ukitatua mgongano kwa `svn resolve --accept`, unachagua `mine-full`, `theirs-full`, `mine-conflict` au `theirs-conflict`. Langu lote, lake lote, langu pale tu palipogongana, lake pale tu palipogongana. Nani na kiasi gani, vyote viko ndani ya jina.

Git ina `ours` na `theirs`, na kiasi kinategemea herufi iliyotangulia. `git merge -X ours` inachukua upande wako palipogongana na kuacha mengine ya upande wa pili yaingie. `git merge -s ours` inatupa kila kitu cha upande wa pili, hata kisichogongana, ingawa historia itaonyesha mmeunganisha. Halafu ukija kwenye `git rebase` pande zinabadilishana: `ours` inakuwa tawi unaloegemea na `theirs` inakuwa kazi yako mwenyewe, kwa sababu komiti zako zinapandikizwa moja moja juu ya zile za wengine. Maelezo hayo ni sahihi kiufundi na hayamfai mtu aliye katikati ya mgongano. Jina linalotegemea umesimama upande gani wa mtambo litakosewa. Kwenye programu yako taja tawi lenyewe, kwa mfano `--take-from main`, na swali la nani ni nani linakwisha.

## Kiswahili au Kiingereza?

Wengi wananiuliza hili, na jibu langu linategemea atakayetumia.

Kama watumiaji ni makarani wa masijala au walimu wanaotunza matoleo ya nyaraka, na programu ni ya kwenu ndani, nachagua Kiswahili bila kusita. `--onyesha-tu` inaeleweka na kila mtu mezani, na herufi zetu zote ziko kwenye kibodi ya kawaida. Kuna mitego miwili ya kuikwepa. Maneno yenye ng' yaache, kwa sababu ile alama ya juu huifanya terminali isubiri alama ya kufungia: andika `--ng'oa` na programu yako haitaanza kabisa mpaka mtu afunge nukuu. Pili, Python ina `BooleanOptionalAction` tangu 3.9 ambayo hutengeneza upande wa kukanusha kwa kubandika `--no-` mbele, ukajikuta na `--no-nakala`. Tengeneza mwenyewe `--bila-nakala`, na uwe na `--bila-` kwa ukanushaji wote. Lugha mbili ndani ya jina moja ni mzigo kuliko lugha yoyote ya kigeni ikiwa peke yake.

Kama watumiaji ni waandishi wa programu, baki na Kiingereza chepesi. Kesho kijana huyo atakaa mbele ya Git tupu kwenye ofisi nyingine, na hata kwenye lugha ambazo Git imetafsiriwa, kama Kifaransa na Kivietinamu, ujumbe ndio hutafsiriwa na majina ya opsheni hubaki yaleyale. Anachohitaji ni maneno ya kawaida yanayotaja matokeo, na `--keep-local` ni Kiingereza ambacho mtu wa kidato cha pili anakipata.

Katikati kuna njia ambayo naipendekeza kwa timu yoyote inayofundisha: majina ya mkato ya Git yenyewe, kwa zile amri chache zinazokosewa.

```
git config --global alias.acha-kufuatilia 'rm --cached'
git config --global alias.fungua-komiti 'reset --soft HEAD~1'
```

Baada ya hapo `git acha-kufuatilia mipangilio.ini` inafanya kazi. Hupati nafasi ya kuibadili amri iliyopo, kwa maana Git haitakubali jina la mkato lifunike amri yake, na majina haya yanakaa kwenye `.gitconfig` ya mashine hiyo tu. Mwanafunzi aonyeshwe na amri kamili iliyo nyuma, asije akafika kwenye seva akaikosa.

## Ukishachagua vibaya

Jina baya linabadilishika, na Git ina mfano mzuri wa namna ya kulibadili. Ilikuwepo `git branch --set-upstream`. Mtu aliandika `git branch --set-upstream origin/master` akikusudia tawi lake lifuate la seva. Git ikaelewa kwamba tawi la hapahapa liitwalo `origin/master` lifuate tawi alilosimama. Mpangilio wa maneno ulikuwa unamwalika mtu akosee. Oktoba 2012, toleo la 1.8.0 likaleta `--set-upstream-to`, ambapo neno la mwisho linadai jina la kinachofuatwa, na ile ya zamani ikaanza kutoa onyo huku ikiendelea kufanya kazi. Mwaka 2017, kwenye 2.15, ikakoma.

Hawakuifuta tu kwenye orodha, na sababu yake inarudi kwenye vile vifupisho. Kwa kuwa Git inakubali mwanzo wa jina, `--set-upstream` iliyofutwa ingesomwa kama kifupi cha `--set-upstream-to`, na skripti za zamani zingeendelea kukimbia zikiwa na maana tofauti kimyakimya. Kwa hiyo jina la zamani limebaki ndani ya msimbo likiwa na kazi moja: kusimamisha amri na kumwelekeza mtu kwenye jina jipya. Ukibadilisha `--lazimisha` yako kuwa `--futa-ya-seva`, fanya hivyohivyo. Toleo la kwanza litoe onyo na kuendelea. Toleo la baadaye lisimame, na ujumbe wake utaje jina jipya kamili, lenye vistari vyake, ili mtu alinakili kutoka kwenye skrini na kulibandika.